“Sikukusudia”: neno moja, kesi mbili



Ndugu zangu na dada zangu wa Eastleigh, Majengo, Pumwani, Huruma, Kiamaiko, Kariobangi, Dandora, Kayole, Umoja na mitaa yote ya Eastlands. Haya ni maongezi ya vijana, tumeyaweka hapa ili uyasome polepole na umtumie mwenzako. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.

Leo tuna neno moja tu la kuchambua: sikukusudia.

Neno hili unalijua. Karao amekushika mshipi, amekubamiza kwenye ukuta, jino limevunjika, halafu kesho yake mkubwa wake anamwambia mamako, “Mama, huyu kijana wangu hakukusudia.” Makanga amekusukuma gari likitembea, mguu umeteguka: “Nilikuwa naharakisha tu, sikukusudia.” Jamaa wa base amekuzaba kofi kwa nyuma akijirekodi apate watazamaji: “Ilikuwa mzaha bana, sikukusudia uumie.” Ustadhi amemchapa mtoto mpaka mkono umevimba: “Nilikusudia mema.”

Na sisi tukishasikia hivyo, tunafanya nini? Tunanyamaza. Tunasema ni qadar, yaishe. Sasa, kusamehe ni jambo kubwa na lina ujira wake, hakuna anayebisha. Lakini anayesamehe ni yule anayejua anasamehe nini. Ukiacha haki yako kwa sababu hukujua unayo, hapo hujasamehe kitu. Umepokonywa tu, na umeshukuru.

Kwa hivyo tuulize: sheria ya Kenya inasema nini mtu akikugusa mwili bila haki kisha aseme hakukusudia?

TUKIO MOJA, KESI MBILI

Jambo la kwanza. Mtu akikupiga, kuna njia mbili zinazofunguka kwa wakati mmoja, na wengi wetu tunaijua moja tu.

Njia ya kwanza ni jinai. Hapo mwenye kesi ni Serikali, wewe ni shahidi. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayeamua kama mtu ashtakiwe au la. Kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka, na mwisho wake ni kifungo au faini. Kwa mfano, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu kinamuadhibu aliyeshambulia mtu na kumsababishia maumivu ya mwili kwa kifungo cha hadi miaka 5.

Njia ya pili ni madai. Hapo mwenye kesi ni wewe. Hungoji ruhusa ya mtu. Unachotakiwa ni kumuonyesha hakimu kwamba maneno yako yana uwezekano mkubwa kuliko ya yule mwingine. Mizani ikiinama kidogo tu upande wako, umeshinda. Na mwisho wake ni fidia, yaani pesa za matibabu, za maumivu, za heshima iliyovunjwa.

Njia hizi hazifungani. Mtu anaweza kuachiliwa kwenye jinai na bado akalipa kwenye madai, maana kipimo si kimoja. Na akipatikana na hatia kwenye jinai, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu hiyo, rufaa zikishaisha, ni ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa hilo. Hawezi kwenda mahakama ya madai akaanza kukana upya.

NIA GANI INATAFUTWA?

Hapa ndipo penye siri ya somo lote, kwa hivyo soma taratibu.

Kwenye madai kuna kosa la kale sana la kumgusa mtu mwili moja kwa moja bila ridhaa yake wala ruhusa ya sheria. Tuliite shambulio la mwili. Tulilirithi kutoka kwa majaji wa Uingereza, na Sheria ya Mahakama, sura ya 8, ndiyo iliyolifungulia mlango hapa kwetu. Hukumu za Uingereza za siku hizi hazifungi majaji wetu, lakini wanazisoma na mara nyingi wanazifuata.

Kosa hili linahitaji nia, ndio. Lakini nia ya nini? Nia ya kugusa. Si nia ya kuumiza.

Rudia hapo. Swali la hakimu si “Je, alitaka kukuvunja jino?” Swali ni “Je, alitaka kukusukuma?” Kama mkono wake haukuteleza, kama aliusogeza yeye mwenyewe akijua unakwenda kwenye mwili wako, nia imeshapatikana. Jino, mguu, damu, hayo ni matokeo, na matokeo yanahesabiwa kwenye fidia.

Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilipata kesi ya wavulana wawili wa shule, wote wa miaka 13. Mmoja alivuta mkoba uliokuwa begani mwa mwenzake, mwenzake akaanguka, akaumia nyonga. Mchezo wa watoto, si ndio? Majaji walisema si lazima kuthibitisha kwamba alitaka kuumiza. Cha kuangalia ni kama mguso wenyewe ulikusudiwa na kama ulikuwa wa kiadui. Neno hilo la “kiadui” likaleta maneno mengi, na mwaka 1989 Lord Goff akaeleza kwamba hata mzaha uliopita kiasi, hata kofi la mgongoni la kirafiki lililozidi, hata daktari anayempasua mgonjwa bila ridhaa, vyote vinaweza kuwa shambulio la mwili bila uadui wowote moyoni.

Kwa hivyo yule jamaa wa video ya mzaha asijifariji. Alikusudia kukuzaba kofi. Kicheko chake si kinga.

Na ustadhi je? Tuseme ukweli hata kama unatugusa sisi wenyewe. Nia njema ya kufunza haifuti kiboko. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asipewe adhabu ya viboko, na pia kinamlinda kila mtu na ukatili, uwe wa Serikali au wa mtu binafsi. Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto na adhabu ya kikatili. Hakuna mahali palipoandikwa “isipokuwa madrasa”.

KUSHIKWA MKONO TU

Kuna wanaofikiri mpaka damu itoke ndiyo kuna kesi. Hapana. Mwaka 1984, huko huko Uingereza, afisa wa polisi wa kike alimshika mkono mwanamke aliyetaka kuondoka, ilhali hakuwa anamkamata. Mahakama ikasema mshiko ule ulikuwa nje ya kazi yake, ni shambulio la mwili. Hakukuwa na jeraha lolote kutoka kwa mshiko ule.

Sasa fikiria First Avenue jioni. Unasimamishwa, unashikwa mshipi, hujaambiwa umekamatwa wala kosa lako ni lipi, mfukoni mikono inaingia. Fikiria dada aliyevutwa hijabu “aonekane uso”. Fikiria Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walipokusanywa Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Kila mkono uliomshika mtu siku zile ulihitaji sababu ya kisheria. Mwenye sare hapewi mwili wako pamoja na bunduki yake. Anapewa ruhusa yenye mipaka, na akivuka mpaka anarudi kuwa mtu wa kawaida aliyekugusa bila haki.

Lakini tusizidishe. Si kila mguso ni kesi. Ukipita Gikomba siku ya soko utakanyagwa na kusukumwa, na sheria inasema hayo ni ya maisha ya kila siku. Ukiingia uwanjani kucheza mpira umekubali kukwatuliwa kwa namna ya mchezo, ila hujakubali kupigwa kichwa mpira ukiwa umetoka. Anayejitetea kwa kiasi kinachofaa ana kinga. Afisa anayekamata kihalali anaweza kutumia nguvu, lakini Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka aanze na njia zisizo za nguvu, na nguvu zikitumika zilingane na hali iliyoko.

RISASI ILIYOMKOSA MLENGWA

Usiku wa 30 Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alikuwa kwenye roshani ya nyumbani kwao Kiamaiko, pamoja na ndugu zake. Chini, polisi walikuwa wanawafukuza watu waingie ndani. Risasi ikampata pale juu. Wengi wenu mnalijua jina lake, na wapo waliomzika. Sitalitaja, familia ina haki ya kupumzika. Mwezi Juni mwaka huo huo, afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Jinai hiyo ni ya mahakama, mimi si hakimu. Lakini mjadala uliozuka mtaani ndio somo letu, maana kila mtu alikuwa anasema: “Hakumlenga mtoto.”

Tulipime neno hilo. Kwenye jinai ya mauaji, nia ina uzito mkubwa. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe dhamira ovu kama ilivyoelezwa kwenye kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu. Ikikosekana, shtaka linaweza kushuka hadi kuua bila kukusudia.

Kwenye madai mambo ni mengine. Ireland Kaskazini, mwaka 1984, mahakama ya rufaa iliamua kesi ya askari wa Uingereza aliyefyatua risasi ya mpira akimlenga mfanya fujo, akamkosa, ikampata mtu mwingine. Mahakama ikasema: aliyekusudia kumpiga mtu mmoja akampata mwingine, nia yake inahama pamoja na risasi. Aliyepigwa ana kesi ya shambulio la mwili, isipokuwa Serikali ionyeshe kwamba ufyatuaji wenyewe ulikuwa halali.

Soma tena hapo mwisho. Mzigo wa kuonyesha uhalali uko kwa aliyefyatua. Wewe huhitaji kuingia moyoni mwake.

Na kama anasema alifyatua juu hewani, hakumlenga mtu yeyote? Basi tunatoka kwenye shambulio, tunaingia kwenye uzembe. Mwaka 1964 Lord Denning alichora mstari huo kwenye kesi iliyotokea kwenye bustani ya hoteli, mwenye gari alipompanda miguu mwanamke aliyekuwa anaota jua kwenye nyasi. Ukigusa kwa kukusudia ni shambulio, ukigusa bila kukusudia ni uzembe. Kwenye uzembe swali ni hili: je, mtu makini angeona hatari? Mtaa wa ghorofa, roshani zimejaa watu waliofungiwa ndani na kafyu, wewe unafyatua juu. Hayo ni maswali ya hakimu, lakini unaona mwenyewe kwamba “sikumlenga” haikufunga mlango wowote. Ilikuhamisha tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Na kuna mlango wa tatu, ombi la Katiba katika Mahakama Kuu kupitia vifungu vya 22 na 23. Huko swali la kwanza ni kama haki ilivunjwa, haki ya uhai, ya utu, ya usalama wa mwili.

Ajali tupu je, isiyo na nia wala uzembe? Hapo sheria inasema hakuna deni. Mwaka 1891 mwindaji Uingereza alifyatua, chembe ya risasi ikagonga mti ikageuka ikampata mwenzake. Mahakama iliona hakukusudia wala hakuzembea, mdai akakosa. Haki inakata kote kote.

“LAKINI AMALI SI KWA NIA?”

Najua kuna aliyeshika simu anasubiri kuuliza hili. Sisi tumelelewa na hadithi ya nia. Bukhari ameiweka mwanzo kabisa wa kitabu chake. Sasa inakuwaje mtu asiye na nia mbaya alipe?

Jibu liko ndani ya dini yenyewe. Nia inaamua thawabu na dhambi, kati ya mja na Mola wake. Haki ya mwanadamu mwenzako ni hesabu nyingine. Fungua Suratun-Nisaa, aya ya 92, usome habari ya aliyemuua muumini kwa kukosea. Hakukusudia, aya inasema wazi ni makosa. Na bado kuna kafara, na bado kuna diya kwa familia, ila wenyewe wakisamehe. Mafakihi wakagawanya: kuua kwa kukusudia, kufanana na kukusudia, na kukosea. Adhabu zikatofautiana kufuata nia, lakini haki ya waliofiwa haikufutwa kwa sababu moyo wa muuaji ulikuwa safi.

Hapo fiqhi imekwenda mbali hata kuliko sheria ya madai, maana yule mwindaji wa 1891 pengine kwa diya asingetoka bure. Kwa hivyo mtu asitumie hadithi ya nia kumziba mdomo aliyeumia. Nia yake njema akaiongee na Allah. Mguu uliovunjika uongewe hapa duniani.

PALE NIA INAPOONGEZA HESABU

Msidhani basi nia mbaya haina kazi. Ina kazi kubwa, ila inakuja mwishoni, kwenye kiasi.

Anayekupiga huku akikutukana dini yako, anayekuvua nguo mbele za watu, anayerudia wakati umeshalala chini, huyo anaongeza fidia yake mwenyewe. Na kuna fidia ya adhabu, isiyolipa jeraha bali inayomfunza aliyetenda. Mahakama ya Uingereza iliibana mwaka 1964, ikaiacha kwenye maeneo machache, mojawapo likiwa ukandamizaji wa watumishi wa Serikali. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaufuata msingi huo mwaka 1971 kwenye kesi dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu. Kwa hivyo kwa karao, nia mbaya si kitu unacholazimika kuthibitisha ili ushinde, lakini ukiithibitisha Serikali inalipa zaidi.

Nia inathibitishwaje? Hakuna mashine ya kupima moyo. Inasomwa kwenye maneno na vitendo. Ndio maana nakuambia: andika maneno yaliyosemwa, vile vile yalivyosemwa, siku hiyo hiyo.

SAA INATEMBEA

Hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza kesi nzuri. Kumshtaki mtu binafsi kwa madai kama haya, sheria inakupa miaka 3. Kuishtaki Serikali, ambayo ndiyo yenye polisi, sura ya 39 inakupa miezi 12 tu. Kumi na miwili! Na wengi wanangoja jinai iishe kwanza, jinai inachukua miaka, wakiamka madai yamekufa. Usingoje. Ombi la Katiba halina ukomo kama huo, lakini ukichelewa bila sababu majaji watakuuliza.

Kwa hivyo ukiguswa bila haki, wewe au mwenzako:

Nenda hospitali kwanza, hifadhi karatasi zote. Andikisha ripoti kituoni na uondoke na nambari ya OB. Wakikukatalia kituo kimoja, nenda kingine. Pata fomu ya P3 ijazwe na daktari. Piga picha majeraha siku ya kwanza na siku zinazofuata, na usifue nguo zenye damu. Andika majina ya walioona, nambari ya gari, nambari ya afisa kama uliiona. Kama ni polisi, peleka malalamiko IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuwasimamia. Halafu tafuta wakili mapema. Huna pesa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa ya msaada huo, uliza. Kwenye kesi ya Serikali mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu, na kwa makanga, mwenye gari anaweza kuburutwa pia kama kitendo kilifungamana na kazi.

Sitawadanganya kwamba ni rahisi. Ukiishinda Serikali, huwezi kutuma dalali akabebe viti vya ofisi. Unapewa cheti, unadai, wakati mwingine unarudi kortini tena kuomba amri walipe. Inachosha. Lakini kila hukumu inaandikwa, na kijana wa Dandora atakayeguswa mwaka ujao ataanzia pale ulipoishia wewe.

MIKONO YETU WENYEWE

La mwisho, na ni letu. Kipimo hiki hiki kitatumika juu yako. Ukimsukuma mwizi wa simu kwenye umati na wengine wakamalizia, usiseme ulitaka tu kumshika. Ukimvuta dada mkono kituoni umsalimie kwa nguvu, ulikusudia kumshika, inatosha. Ukimpiga mdogo wako “kumnyoosha”, mwili ule si wako.

Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba damu na heshima ya mtu ni amana. Tunaidai amana hiyo kwa mwenye bunduki, na tuilinde pia tunapokuwa sisi ndio wenye nguvu.

Siku nyingine mtu akikuambia “sikukusudia”, msikilize kwa adabu. Kisha muulize swali moja: ulikusudia kunigusa? Jibu lake ndilo litakuonyesha kesi yako iko mlango gani. Baada ya hapo, kama utataka kusamehe, samehe. Utakuwa unajua unachotoa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.